Kuwafikia akina mama 10,000 wa Bihar: programu ya simu janja, meseji au sauti?

Swali: Natokea Dodoma, nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii mjini Pune, India. Shirika ninalofanyia mafunzo kwa vitendo linataka kuwafikia wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga katika wilaya mbili za vijijini za jimbo la Bihar, jumla yao kama 10,000. Wenzangu wanataka tutengeneze programu ya simu janja. Mimi nina wasiwasi. Njia ipi inafaa, na ni mambo gani huharibu miradi ya namna hii?

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, dada. Wekeni kando programu na mwanze na sauti: simu inaita, mama anapokea, anasikiliza dakika moja au mbili kwa lugha yake, basi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21, unaojulikana kama NFHS-5, ulikuta kwamba wanawake wenye simu wanayoitumia wao wenyewe ni asilimia 54 tu India nzima. Kwa Bihar, waliowahi kutumia intaneti hata mara moja walikuwa asilimia 20.6. Na kati ya wanawake wenye simu yao nchini, karibu watatu katika kila kumi hawakuweza kusoma meseji. Simu janja zimeongezeka tangu hapo, lakini simu janja iliyomo nyumbani mara nyingi ni ya mume au ya kijana wa kiume. Programu yenu itapakuliwa na wenye nafuu, nanyi mtahesabu waliopakua mkadhani mmefika. WhatsApp ibakizeni kwa wahudumu wa afya wa vijiji, wale wanaoitwa ASHA, na wasimamizi wao.

Kabla ya kununua chochote, ulizeni kama akina mama hao tayari wanapigiwa na Kilkari. Hiyo ni huduma ya wizara ya afya ya India iliyoanza kitaifa Januari 2016, baada ya shirika la BBC Media Action kuijenga kwanza hapo hapo Bihar. Inatuma ujumbe wa sauti 72, mmoja kila wiki, kuanzia mwezi wa nne wa mimba hadi mtoto atimize mwaka, kwa sauti ya daktari wa kubuni aitwaye Anita. Hakuna haja ya kuijenga upya. Mbaya zaidi ni mama kupigiwa na sauti mbili zinazotofautiana, mmoja akimwambia aanze uji miezi sita na mwingine akimwambia vingine. Nafasi yenu iko pale Kilkari isipofika: akina mama ambao namba zao hazimo kwenye daftari la serikali, wanaoelewa Kimaithili au Kimagahi kuliko Kihindi cha redioni, na wale wenye swali lakini hawana wa kumwuliza.

Sasa niende kwenye jambo linaloua miradi mingi kuliko teknolojia yoyote, nalo ni orodha ya namba. Maeneo mengi ya Bihar, hasa bonde la mto Kosi, wanaume huondoka kwa miezi kwenda kufanya kazi Punjab, Delhi na kwingineko, na simu huondoka nao. Daftari la kliniki litaonyesha namba ya mama, lakini ukipiga, anapokea mwanamume aliye kwenye jengo linalojengwa kilomita elfu moja kutoka nyumbani. Wakati mwingine muhudumu, akiwa na shinikizo la kujaza fomu, huandika namba yake mwenyewe kwa kila mama asiye na simu. Kipimo ni rahisi: panga orodha yote kwa namba, tafuta namba zinazojirudia. Namba iliyojitokeza kwa akina mama watano ni ya muhudumu, ya duka, au ni ya kubuni. Ikijitokeza kwa wawili au watatu, wanaweza kuwa wake wa ndugu wanaoishi nyumba moja, hao waacheni.

Swali la "Una simu?" halina faida yoyote kwenye dodoso. Uliza hivi: jana saa saba mchana simu hii ilikuwa wapi? Nani huiwekea salio? Ikiita na wewe uko jikoni, nani huipokea? Fanyeni hivyo kwa kaya mia moja hivi, muhudumu wa kike akiuliza, mama mkwe akiwa chumba kingine ikiwezekana. Majibu hayo ndiyo yatawapa saa ya kupiga. Mama mwenye simu ya kwake mara nyingi hupata nafasi mchana, baada ya chakula na kabla ya kazi za jioni. Anayetegemea simu ya mume hupatikana jioni tu. Kwa hiyo mnahitaji angalau madirisha mawili, yaani vipindi viwili vya siku vya kupiga, na kila namba iwe na dirisha lake. Shirika la ARMMAN la Mumbai, lililoanzishwa 2008, humwachia mama achague saa mwenyewe katika huduma yake ya mMitra. Igeni hilo bila kusita.

Orodha nayo huoza. Mwishoni mwa 2018 kampuni kubwa za simu India zilianza kudai kiwango cha chini cha kuongeza salio, wakati huo rupia 35 kwa siku 28, la sivyo laini inaacha hata kupokea simu. Kiwango hicho kimepanda mara kadhaa tangu hapo. Familia maskini iliyokuwa na laini tatu ikabaki na moja. Laini iliyokatwa hukaa kando siku 90 kisha huweza kupewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye atakayepokea ujumbe wenu kuhusu damu baada ya kujifungua. Namba ambayo haikupokelewa wiki sita mfululizo itoeni kwenye mzunguko na mpelekeeni ASHA aihakiki nyumbani. Msimu mzuri wa kuhakiki orodha nzima ni siku za Chhath, wiki moja hivi baada ya Diwali, kwa sababu wanaume wengi wa Bihar hurudi nyumbani kwa sikukuu hiyo. Mtawapata wao, simu zao, na fursa ya kuwaeleza ni nani anayempigia mke wao na kwa nini. Julai hadi Septemba, mafuriko ya Kosi yakija, watu huhama na simu hazipati umeme. Usisome takwimu za miezi hiyo kana kwamba akina mama wamechoka na huduma.

Njia za kuanzisha mazungumzo ni mbili. Ya kwanza ni nyinyi kupiga. Ya pili ni mama kubipu. India wanabipu kama sisi, tena kwa kiwango ambacho kampuni moja ya Bangalore, ZipDial, ilijenga biashara nzima juu ya kubipu na ikanunuliwa na Twitter mwaka 2015. Huduma za sauti kama CGNet Swara ya jimbo la Chhattisgarh, iliyoanza 2010, na Mobile Vaani ya shirika la Gram Vaani, hutumia mtindo huo huo: unapiga, mfumo unakata kabla ya kupokea, kisha unakupigia wewe. Gharama yote iko kwa huduma, mama hatumii hata paisa moja.

Kubipu kunaonekana kitu chepesi mpaka uone kinavyoharibika. Simu ya kurudi ikichelewa zaidi ya nusu dakika, mama ameshaweka simu chini au mume ameichukua. Akibipu mara tatu kwa wasiwasi, mfumo usiotazamwa utampigia mara tatu. Unganisheni bipu zote za namba moja ndani ya dakika kumi ziwe simu moja. Asipopokea, rudieni mara moja au mbili, msizidishe, kwa kuwa namba ngeni inayoita mfululizo huzua maswali ndani ya nyumba, na maswali hayo huulizwa mama.

Upande wa laini, fanyeni hesabu mapema. Laini ya kidijitali ya kawaida ya ofisi, ile wanayoiita PRI, hubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja. Tuseme mnawapigia 10,000, nusu wanapokea na kusikiliza dakika 2, nusu simu inaita sekunde 45 bila jibu. Hiyo ni dakika 10,000 na dakika 3,750, jumla 13,750. Gawanya kwa 30, unapata kama dakika 458, yaani zaidi ya saa saba na nusu za kupiga bila kupumzika. Dirisha lenu la mchana likiwa na urefu wa saa tatu, mnahitaji siku tatu kwa mzunguko mmoja, na bado hamjarudia wasiopokea. Ujumbe mmoja kwa wiki unaingia hapo. Miwili kwa wiki haiingii bila kuongeza laini, au kukodi huduma ya kampuni inayopiga kupitia mitambo yake. Angalieni pia jinsi mnavyotozwa: ikiwa ni kwa dakika nzima, ujumbe wa sekunde 62 unalipiwa dakika mbili. Kateni ufike sekunde 55.

Rekodi yenyewe inataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya takriban hezi 300 na 3,400 tu. Herufi kama s, sh na f hupotea nusu, na muziki wa nyuma unaopendeza studio hugeuka kelele inayomeza maneno. Rekodini kwa ubora wa juu, kisha mgeuze ziwe njia moja ya sauti kwa kiwango cha kilohezi 8, na mzisikilize kwa kitochi cha bei ya chini kabisa, jikoni, sufuria ikichemka. Mkishindwa kusikia neno moja, rekodini upya. Msemaji awe mwanamke wa eneo hilo. Mwalimu wa Patna, mji mkuu wa Bihar, hafai, hata kama Kihindi chake ni kizuri.

Sekunde kumi za kwanza zitaje nani anapiga, kupitia ASHA gani au kituo gani, na kwamba simu ni ya bure. Jambo moja kwa ujumbe mmoja. "Vidonge vya madini ya chuma, umeze baada ya kula, kinyesi kikiwa cheusi usiogope" ni ujumbe kamili, kwa sababu kinyesi cheusi na kichefuchefu ndivyo huwafanya wengi waviache. Orodha ya vyakula kumi vya mjamzito si ujumbe. Mambo ya uzazi wa mpango na kutokwa damu yasianze moja kwa moja: simu nyingi husikilizwa kwa spika mbele ya mama mkwe. Anzeni na salamu na mada ya wazi, kisha "kama uko peke yako, bonyeza 1".

Kuhusu kubonyeza: watu wa mijini hupenda mfumo unaotambua maneno ya msemaji. Jaribio lililofanywa na wakulima wa Gujarat kupitia huduma ya sauti ya Avaaj Otalo lilionyesha kubonyeza namba kulifanya kazi vizuri kuliko kusema. Mitambo ya kutambua sauti imeendelea sana tangu wakati ule, lakini Kimaithili cha mama mwenye mtoto analia pembeni bado ni mtihani mgumu. Chaguo zisizidi tatu. Taja tendo kwanza, namba baadaye: "kusikia tena, bonyeza 1", kwa maana ukianza na namba msikilizaji ameshaisahau anapojua kazi yake. Na kumbukeni simu janja huzima kioo zikiwa sikioni. Mama hutafuta vitufe havioni, muda unaisha. Mpeni sekunde nane hadi kumi, kisha mrudie maelekezo mara moja.

Sheria. Mamlaka ya mawasiliano ya India, TRAI, ina daftari la watu waliokataa simu za matangazo, na tangu kanuni za 2018 kila anayetuma meseji kwa wingi lazima ajisajili, asajili jina la mtumaji na hata kiolezo cha kila meseji. Meseji isiyolingana na kiolezo huzuiwa na mtambo. Machi 2021 kanuni hiyo ilipoanza kutekelezwa kwa ukali, hata namba za siri za benki zilikwama, TRAI ikalazimika kusimamisha ukaguzi kwa siku chache. Kama benki zilikwama, shirika dogo litakwama. Anzeni usajili miezi miwili kabla. Msipige kabla ya saa tatu asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Chukueni ridhaa ya mama na muihifadhi, maana sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2023 inaidai, na heshima inaidai kabla ya sheria. Namba inayopiga isibadilike kamwe: muhudumu aihifadhi kwenye simu ya mama siku ya kujiandikisha, kwa jina analolijua. Mkibadilisha ovyo, programu ya Truecaller itawaonyesha kama matapeli, nao watu wa Bihar wana kila sababu ya kuwaogopa matapeli wa simu. Msiulize kamwe namba ya Aadhaar, ile ya utambulisho wa taifa, wala namba ya siri iliyotumwa kwa meseji.

Kuna jambo moja ninaloomba mlijenge kabla ya mengine yote. Mimba nyingine huharibika. Watoto wengine hufa. Mfumo uliopangwa kwa wiki utaendelea kumpongeza mama kwa mtoto wa miezi mitatu ambaye alizikwa. Hili hutokea, na mama huyo hana njia ya kuusimamisha. Wekeni njia tatu: ASHA aweze kusimamisha kwa kubipu namba yake maalumu, mama mwenyewe aweze kubonyeza namba moja wakati wowote katikati ya ujumbe, na rekodi ya kituo ikibadilika usitishaji ufanyike siku hiyo hiyo. Atakayebonyeza asisomewe orodha ya sababu. Asikie pole, simu ikate, na muhudumu aliyefunzwa ampigie siku inayofuata akiwa mtu halisi. Kama hamna bajeti ya muhudumu huyo, punguzeni idadi ya akina mama mpaka muipate.

Vipimo: "simu tulizopiga" ni takwimu ya kumfurahisha mfadhili. Fuateni mteremko wote. Kwa mfano wa kukokotoa tu: kati ya 10,000, namba 7,000 ziko hewani, 3,500 zinapokelewa, 2,000 zimefika sikioni mwa mama mwenyewe, 1,200 wamesikia zaidi ya robo tatu ya ujumbe. Ukijua ni ngazi ipi inayomwaga wengi, unajua cha kurekebisha: ya kwanza ni orodha, ya pili ni saa, ya tatu ni simu ya mume, ya nne ni rekodi yenu. ARMMAN na watafiti wa Google walitumia mashine inayojifunza kutokana na takwimu kubashiri akina mama gani wako karibu kuacha kusikiliza, ili wahudumu wachache walionao wawapigie hao kwanza. Kupungua kwa usikilizaji kulishuka kwa karibu asilimia 30. Kwa watu 10,000 hamhitaji mashine. Jedwali la waliopokea chini ya simu mbili katika sita linatosha, mradi kuna mtu wa kuwapigia.

Matarajio yawe ya kweli. Jaribio la Kilkari katika Madhya Pradesh, lililowagawa kwa bahati nasibu wanawake zaidi ya 5,000, halikuonyesha tofauti ya maana katika kunyonyesha maziwa ya mama pekee, lakini lilionyesha ongezeko la kiasi katika matumizi ya njia za kisasa za uzazi wa mpango. Ujumbe wa simu peke yake husukuma kidogo. Husukuma zaidi ukisikika mahali ambapo watu tayari wanajadiliana, na Bihar mna hazina hiyo: vikundi vya kuweka na kukopa vya Jeevika, vyenye wanawake zaidi ya milioni 10. Mobile Kunji, iliyobuniwa hapo hapo Bihar, ilimpa muhudumu kadi 40 zenye picha na namba fupi. Anafika nyumbani, anapiga namba ya kadi, familia nzima inasikia daktari anaeleza. Mama mkwe anasikia pia, naye ndiye mwenye uamuzi wa kwenda hospitali usiku. Pigeni simu siku moja kabla ya kikao cha kikundi, na mada ya kikao iwe ile ile ya simu.

Wenzako watauliza pia kuhusu kulipa nauli ya kliniki kwa simu, na wewe unayetoka kwenye nchi ya M-Pesa utashawishika. Vodafone iliipeleka M-Pesa India mwaka 2013 na ikaifunga 2019. Fedha za simu huko hupita kwenye akaunti za benki kupitia UPI, mfumo wa malipo ya papo kwa papo ulioanza 2016. Tangu Machi 2022 kuna UPI 123PAY inayofanya kazi hata kwenye kitochi, kwa kubipu au kwa menyu ya sauti. Lakini mama wengi maskini bado hutoa pesa kwa wakala, kwa alama ya kidole, na vidole vilivyochubuliwa na kazi ya shamba na majivu ya kuoshea vyombo husomeka vibaya. Ripoti ya uchumi ya serikali ya India ya 2016–17 ilitaja makadirio ya kushindwa kwa uthibitisho kufikia asilimia 49 Jharkhand, jirani wa Bihar, wakati Gujarat ilikuwa 6. Kama mtalipa, wekeni njia ya pili isiyotegemea kidole, na mpigieni kila mlipwaji kumwuliza: imefika, kiasi gani, wakala alikata ngapi?

Na andikeni leo, kwenye mkataba na mfadhili, nani atalipia laini mradi ukiisha. Mtoto wa mama atakayejiandikisha mwezi wa mwisho bado atakuwa tumboni. Fungeni uandikishaji angalau miezi 18 kabla ya fedha kuisha, muwamalizie wote waliomo, kisha namba ya kubipu ibaki hai miezi mitatu ikisema kwa sauti ile ile waliyoizoea ni kituo gani waende na ASHA yupi wamwulize.